Alatriste wa runinga na mzee aliyeachwa njiani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niliazimwa riwaya mbili za Kapteni Alatriste kwa Kiingereza, nikazimaliza kwa siku nne. Nikatafuta filamu, nikaipenda ingawa sikuelewa yote. Halafu nikaipata ile tamthilia ya mwaka 2015. Nimejikaza mpaka sehemu ya tano, nimeshindwa. Jina lilelile, mapanga yaleyale, fitina zilezile, ila mtu mwenyewe simwoni. Tatizo ni mimi, ni mwigizaji, au ni kitu gani hasa? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba, dada. Tatizo si wewe. Na kwa maoni yangu si mwigizaji pia, ingawa Aitor Luna alibebeshwa lawama nyingi kule kwao Hispania. Kijana yule sura anayo, kimo anacho, na upanga anaushika kama mtu aliyefundishwa. Kilichokosekana ni mzee. Namsema Íñigo Balboa, yule anayetusimulia vitabuni.

Nianzie mbali kidogo, kwa ajili ya wale ambao hawajakutana na Diego Alatriste y Tenorio. Ni askari mkongwe wa vita vya Flanders (Ubelgiji ya leo na jirani zake), yuko Madrid miaka ya 1620, mfukoni hana kitu, anaukodisha upanga wake. Mume aliyeibiwa mke, mdai aliyechoka kudai, mkubwa anayetaka mdogo wake anyamazishwe, wote wanajua pa kumpata: kwenye kilabu cha mvinyo cha Caridad la Lebrijana, ambaye anampa chumba cha nyuma, chakula na kitanda chake mwenyewe. Na ukapteni wake si cheo. Usiku mmoja wa baridi, yeye na wenzake ishirini na tisa pamoja na kapteni wa kweli walivuka mto wenye barafu kuwavamia Waholanzi, wamevaa mashati meupe ili wasionekane kwenye theluji, panga wameziuma kwa meno. Kapteni wa kweli akafa mapema. Alatriste akashika uongozi mchana kutwa mpaka usiku, na waliorudi hai walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja vikabaki vingine. Jina la utani likamganda. Umeona? Hata sifa yake kubwa kabisa imetokana na maiti ya mtu mwingine.

Mwandishi wake, Arturo Pérez-Reverte, alikuwa ripota wa vita kwa miaka 21 kabla ya kukaa kitako kuandika. Mwaka 1977 alipotea Eritrea kwa miezi kadhaa akiwa pamoja na wapiganaji wa msituni. Alipita Lebanon, akapita Bosnia. Mtu wa namna hiyo akiandika jinsi binadamu anavyochomwa upanga, haandiki ngoma. Kilichomsukuma, kama alivyoeleza mwenyewe, ni kitabu cha historia cha shuleni cha binti yake Carlota: karne nzima ya dhahabu ya Hispania, karne ya Cervantes, Lope de Vega, Quevedo na Velázquez, ilikuwa imefungwa ndani ya ukurasa mmoja hivi. Akaamua kumwandikia. Kitabu cha kwanza kilitoka 1996, na jina la Carlota lipo juu ya jalada pamoja na la baba yake. Vikafuata vingine hadi vikafika saba mwaka 2011, kisha kimya cha miaka 14, halafu cha nane kikatoka 2025.

Sasa tuje kwa huyo mzee. Íñigo alikuwa na miaka kumi na mitatu hivi alipoletwa kwa kapteni. Baba yake, Lope Balboa, alikufia Flanders akiwa rafiki wa Alatriste, na marehemu alikuwa ameomba mwanawe aangaliwe. Lakini anayezungumza nasi si huyo mtoto. Ni mtu mzima aliyekwisha kuwa askari, akaona dola ikiporomoka, na anajua kila mmoja atakufa wapi na namna gani. Anakwambia mapema kabisa, bila kukuficha, kwamba kapteni atakufa Rocroi. Mapigano hayo ni ya tarehe 19 Mei 1643, siku Wafaransa walipowasaga askari wa miguu wa Hispania waliokuwa wakiogopwa Ulaya nzima. Kwa hiyo unaposoma Alatriste akiruka ukuta mwaka 1623, unajua tayari amebakiza miaka ishirini tu ya kuishi. Hakuna swali la "je, atapona?" Swali ni anaishije akiwa na miaka hiyo aliyobakiziwa.

Hilo ndilo lililokushika ukasoma siku nne, dada yangu. Mapanga ni chambo. Mzee anamsimulia mtu aliyempenda na kumwogopa, na hana uhakika mpaka leo kama alikuwa mtu mwema. Sentensi ya kwanza kabisa ya kitabu cha kwanza inakiri kwamba kapteni hakuwa mwaminifu kuliko wote wala mcha Mungu kuliko wote, ila alikuwa jasiri. Hiyo ni rambirambi imewekwa mwanzoni mwa kitabu badala ya mwishoni.

Utaniambia: mbona Íñigo anasimulia hata mambo ambayo hakuyashuhudia? Kweli, na anafanya hivyo mara nyingi. Anadai aliambiwa baadaye, au aliunganisha mwenyewe. Haidhuru. Yote yanapitia kinywani mwake, yanatoka yana ladha yake. Hata mchoro mkubwa wa Velázquez wa kusalimu amri kwa mji wa Breda, ule uliojaa mikuki uliopo jumba la Prado, Íñigo anashikilia kwamba kapteni alikuwemo. Mwandishi akaongezea mwishoni maelezo ya "mhariri" kuhusu ilivyokuwa hata mtu huyo leo haonekani. Ni mzaha mtupu, na ni mzaha wa mtu mwenye huzuni: wakubwa wamebaki kwenye picha, aliyechimba mahandaki kafutwa.

Chukua tukio moja tulitazame kwa karibu, lile la kitabu cha kwanza. Alatriste na Mwitaliano mmoja aitwaye Gualterio Malatesta wanaitwa usiku kwenye nyumba fulani, wanakutana na watu waliovaa barakoa. Kazi: Waingereza wawili wanaingia Madrid kwa siri, watishwe, wachubuliwe kidogo, makaratasi yao yachukuliwe, asiuawe mtu. Mkubwa aliyetoa agizo hilo anatoka. Anabaki mwenzake, na pazia linafunguka anaingia mtawa, Fray Emilio Bocanegra, mtu wa Inkwizisheni, ile mahakama ya kanisa iliyochoma watu. Huyo anabadilisha agizo: wauawe wote wawili. Dhahabu inaongezwa mezani.

Uchochoroni, gizani, farasi wawili wanakuja. Panga za wakati ule zilikuwa nyembamba na ndefu, karibu mita moja ya chuma, mkono wa kushoto umeshika jambia au umezungushiwa joho kama ngao. Pigano la kweli la namna hiyo halichukui muda: hatua moja, ncha inaingia au haiingii. Alatriste anamzidi nguvu kijana aliye mbele yake. Na kijana yule, badala ya kuomba roho yake, anamwombea mwenzake. Basi. Neno moja hilo ndilo linaloharibu kazi nzima. Alatriste anasita, kisha anamzuia Malatesta asimmalize wa pili. Hajui kwamba amemwokoa Charles, mrithi wa kiti cha Uingereza, aliyekuja na bwana mkubwa Buckingham kumchumbia dada wa mfalme wa Hispania. Hilo la uchumba ni historia tupu: walifika kweli Machi 1623, kwa majina ya uongo ya Thomas na John Smith, wakashukia kwenye nyumba ya balozi wao. Ndoa haikufungwa. Na Charles huyohuyo walikuja kumkata kichwa watu wake mwenyewe mwaka 1649, jambo ambalo msimulizi wetu mzee ameishi ya kutosha kulijua.

Sasa niambie, kamera itapigaje picha ya kusita? Kitabuni kusita huko kunachukua aya nzima, kwa sababu Íñigo anakigeuzageuza kitendo kile kama mtu anayeangalia sarafu kama ni ya bandia. Huruma ilitoka wapi kwa mtu anayelipwa kuua? Hajibu. Kwenye skrini unapata uso wa mwigizaji kwa sekunde mbili, kisha panga zinalia tena kengele. Tendo lipo, uzito wake haupo.

Tamthilia yenyewe ilirushwa na kituo cha Telecinco kuanzia tarehe 7 Januari 2015, sehemu kumi na tatu, na Wajerumani wa Beta Film wakiwa wamechangia. Usiku wa kwanza watu walikusanyika, jina lilikuwa kubwa. Wiki zilizofuata wakaanza kutawanyika, na msimu wa pili haukupatikana. Kosa linalotajwa mara nyingi ni kwamba walipiga picha Hungaria. Ni nafuu kule, kuna studio kubwa, kuna mitaa ya kale iliyojengwa tayari kwa ajili ya kamera. Mimi si mtu wa kugombana na bajeti. Hata sisi tumepiga Bagamoyo tukadai ni Kilwa. Ila Madrid iko juu ya uwanda mkavu, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, na mwanga wake unakata kama wembe. Wahispania wanaujua mwanga huo kwa ngozi. Walipoona kuta na miti ya Ulaya ya kati wakaambiwa hapa ni nyumbani, hawakuamini, na mtu asiyeamini ukuta hataamini anayeuegemea.

Kibaya zaidi kuliko ukuta ni maneno. Madrid ya vitabuni imejaa midomo. Kuna ngazi za kanisa la San Felipe, ambapo askari wasio na vita na washairi wasio na wadhamini wanashinda wakisengenya mpaka jua litue. Ni kijiwe, kwa kifupi, hakuna neno lingine linalofaa. Kuna nyua za michezo ya kuigiza, watu wanapigania nafasi ya kusimama. Kuna Quevedo, mshairi wa kweli wa historia, mguu mbovu, miwani ya kubana pua ambayo mpaka leo kwa Kihispania inaitwa kwa jina lake, anayetunga beti za kumtukana mshairi mwenzake Góngora na papo hapo anachomoa upanga kwa mtu aliyemkanyaga. Pérez-Reverte anawaandikia Kihispania chenye harufu ya karne ile, bila kukufanya uhitaji kamusi. Tamthilia ilikiona kigumu hicho, ikawapa watu maneno mepesi ya sasa ndani ya maleba ya zamani. Wewe uliisoma kwa Kiingereza na bado ukaonja. Ujue mfasiri alifanya kazi.

Halafu kuna suala la María de Castro, mhusika ambaye kazi yake ni kuigiza jukwaani. Vitabuni anakuja kutawala hadithi katika kitabu cha tano tu, kile cha bwana wa kizibao cha njano. Tamthilia ilimtaka mbele, kwa sababu tamthilia ya saa nne usiku inataka mapenzi ya pembe tatu, na pembe mojawapo ikiwa mfalme ndiyo tamu zaidi. Sina ugomvi na mapenzi. Lakini ukimpa Alatriste sababu ya moyo tangu mwanzo, umemnyang'anya njaa. Mtu wa vitabuni hapigani kwa ajili ya mwanamke wala nchi. Anapigana kwa sababu hajui kazi nyingine na kodi haijalipwa.

Nina kovu langu hapa, ndiyo maana nasema kwa ukali. Miaka ya nyuma niliwahi kuwa katika kundi la waandishi wa mswada tukiigeuza riwaya moja ya Kiswahili kuwa tamthilia. Riwaya ile ilisimuliwa na bibi mmoja, mwenye ulimi mchungu na kumbukumbu ndefu. Kituo kikatuambia bibi anachelewesha matukio, mtoeni, wekeni ugomvi wa shamba sehemu ya kwanza. Tukamtoa. Tukabakiwa na watu wanaogombania shamba. Kila kitu kilichokuwa kwenye kitabu kilikuwepo, na hakukuwa na kitu.

Kuna wanaosema Wahispania walikuwa wamechoka tu na mapanga. Sikubali. Tarehe 24 Februari mwaka huohuo wa 2015, Alatriste akiwa bado hewani, televisheni ya taifa ilianza El Ministerio del Tiempo, tamthilia ya watu wanaosafiri katika wakati, na mmoja wa wahusika wake wakuu, Alonso de Entrerríos, ni askari wa Flanders vilevile, wa karne ya kumi na sita. Huyo alipendwa mno. Na si kwa sababu alikuwa na upanga bora. Ni kwa sababu kila alichokiona, kuanzia pikipiki mpaka mwanamke anayemwamuru kazini, alikiona kwa macho ya mtu wa zamani aliyefiwa na ulimwengu wake. Macho hayo ndiyo yaliyokosekana pale jirani.

Na filamu? Filamu ya 2006 ya Agustín Díaz Yanes, yenye Viggo Mortensen, ilikula takriban euro milioni 24, fedha ambazo sinema ya Hispania haikuzoea. Hukuelewa yote kwa sababu imebana vitabu vitano ndani ya saa mbili na nusu hivi, watu wanaingia na kutoka kama abiria wa daladala, na ambaye hajasoma anabaki akiuliza huyu ni nani tena. Hilo ni kosa na silitetei. (Ile ya kumpa mwanamke, Blanca Portillo, nafasi ya mtawa Bocanegra naitetea mpaka kesho.) Lakini mwongozaji alielewa jambo moja: picha zake zimetiwa giza na ardhi kama michoro ya Velázquez, na kila mtu anaonekana ana deni. Mortensen haongei sana, hajipendezeshi. Na filamu inakwenda mpaka Rocroi, mahali ambapo vitabu vyenyewe vilikuwa havijafika, ikakionyesha kile ambacho mzee alikuwa amekwisha kutuahidi.

Nikuongezee kitu ambacho Wahispania wenyewe hawakifikirii sana. Kati ya 1580 na 1640 Hispania na Ureno zilikuwa chini ya mfalme mmoja. Kwa hiyo huyo Felipe wa Nne, kijana aliyekuwa hajatimiza miaka 18 Waingereza wale walipobisha hodi, ndiye ambaye kwa jina lake bendera ilipepea juu ya Fort Jesus kule Mombasa. Tarehe 16 Agosti 1631 Yusuf bin Hasan, sultani aliyelelewa Goa akabatizwa Jerónimo, aliingia ngomeni na watu wake na kuwaua Wareno. Dola lile lilikuwa limenyooshwa kama ngozi ya ngoma kutoka Breda mpaka pwani yetu, na mtu wa aina ya Alatriste ndiye aliyekuwa akiishika kila pembe isifumuke. Meza anayochezea karata na mvinyo anaokunywa, maneno yote matatu tuliyapata kwa Wareno wa siku hizohizo. Kila nikipita lile lango la ngome namkumbuka kapteni.

Kwa hiyo sehemu ya sita usijisumbue nayo. Tafuta kitabu cha pili, kile cha damu safi (yaani isiyo na asili ya Kiyahudi wala Kiislamu), kama si mojawapo ya hivyo ulivyoazimwa. Humo Íñigo mwenyewe anakamatwa na Inkwizisheni na kupelekwa hukumuni katika Plaza Mayor, huku Quevedo mwenye mguu mbovu akikimbiza farasi mpaka Aragon na kurudi, kutafuta ushahidi kwamba mtesi wao naye damu yake si safi hivyo. Kisha soma cha tatu, cha Breda, baridi na matope na mishahara isiyolipwa. Hapo ndipo uirudie filamu, si yote, zile dakika za mwisho tu pale Rocroi, Wafaransa wanapotuma ujumbe wa kuwataka waliobaki wasalimu amri. Mara ya kwanza bila shaka ulikuwa ukimtazama kapteni. Safari hii mtazame Íñigo.